Mikunjo Tisa Kwenye Kioo cha Kaunta

Kitinda alijua umri umemfikia siku mwenye duka alipomwita "mama". Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, yeye anafuta vumbi kwenye kaunta, anapanga makopo ya krimu ya usiku kulia na ya mchana kushoto, mara mwenye duka akaingia na funguo zake akamsalimu: mama, habari za asubuhi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimwita "dada". Na katika duka lile la vipodozi utaratibu ulijulikana na kila mtu: dada anakaa kaunta, mama anakaa stoo. Kitinda alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Mwenye duka mwenyewe alikuwa na sitini na moja, na paji la uso lililojikunja kama shuka lisiloona pasi, lakini yeye alikuwa mwenye duka. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimweleza kwa upole kwamba uso wa kaunta ndio tangazo, akampa hadi mwisho wa mwezi auweke sawa, akamwachia na kopo moja la bure kutoka mzigo mpya.

Si kwamba Kitinda alikuwa amekaa tu. Tangu atimize arobaini alishajaribu asali, vipande vya tango, na udongo mweupe uliomkaza uso hata akashindwa kucheka siku nzima. Alijaribu seramu iliyonukia kama rangi ya viatu. Alijaribu kile kirungu chenye visindano cha kubiringisha usoni, wateja wakamuuliza kama ana tetekuwanga. Fundi mmoja wa saluni alimpaka asidi ikamchuna kama kiazi. Dada yake mkubwa alimpigia simu kumwambia aache kujitesa, ng'ombe hazeeki maini. Kitinda akamjibu kwamba maini hayakai kaunta.

Krimu ya kopo la bure aliipaka usiku tatu. Asubuhi ya nne alipoosha uso, mikunjo yote ilikuwa imeondoka, na ngozi imebaki kama yai la kuchemsha lililomenywa. Alijitazama, akaridhika, akaenda kumpelekea mama yake chai.

Mama yake alikuwa haoni kwa mwaka wa tisa sasa. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimpapasa bintiye uso, akianzia kwenye paji na kushuka taratibu hadi kidevuni, na kwa vidole hivyo alijua nani hakulala vizuri na nani ana jambo la kuficha. Hakupokea chakula wala dawa kwa mkono wa mtu asiyempapasa, tangu binti wa kazi alipomtia matone ya masikio machoni, mwaka ule wa kwanza wa upofu. Nyumbani walishazoea.

Asubuhi hiyo vidole vilifika kati ya nyusi, vikatafuta, vikarudi juu, vikatafuta tena. Kisha mama akaondoa mkono wake kwa adabu.

"Samahani binti," akasema, "mwanangu yuko wapi?"

Kitinda akamwambia ni yeye. Mama akatikisa kichwa.

"Sauti ni yake, sikatai. Lakini sauti hata redio inazo."

Akamwomba mgeni aweke chai mezani, asante kwa wema wake, na vidonge vya presha avirudishe vilipokuwa mpaka mwenyewe arudi. Kitinda alibembeleza, akataja majina ya wajomba wote, akaimba hata wimbo wa kumlaza mtoto. Mama alisikiliza vizuri, akasifu sauti yake, na vidonge hakuvimeza.

Dukani mwenye duka alimtazama, akamwita "dada", mambo yakawa kama zamani. Ila kwenye kaunta palikuwa na kile kioo cha mviringo ambacho wateja hujiangalia, na mikunjo ya Kitinda ilikuwa imo humo. Ilikuwa imejipanga ndani ya kioo kila mmoja mahali pake, bila uso. Akaitambua yote. Ule wa kati ya nyusi aliupata mwaka ambao baba yake alilazwa. Miwili ya pembeni mwa mdomo ilikuwa ya kucheka na dada yake, na ule wa jicho la kushoto ulitokana na kusoma maandishi madogo ya dawa za mama.

Mteja wa kwanza alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano aliyekuja kununua sabuni. Akajiangalia kwenye kioo, akaona mikunjo tisa usoni mwake, akagusa, akanunua makopo mawili. Kufikia adhuhuri rafu ya kulia ilikuwa tupu. Mwenye duka alikisogeza kioo karibu na mlango, mahali ambapo hata anayepita atajiona.

Siku ya pili mama hakumeza dawa, na ya tatu pia. Alikula ndizi alizomenya mwenyewe na kunywa maji aliyoyakinga mwenyewe bombani. Siku ya nne miguu ilimvimba na kichwa kikaanza kumgonga, lakini alisema atavumilia, mwanawe hajawahi kukaa safarini muda mrefu. Kitinda alikaa jikoni akalia machozi yaliyoteleza moja kwa moja hadi shingoni, kwa maana usoni hapakuwa na pa kuyazuia. Aliona wazi kwamba atamzika mama yake akiwa mgeni wake.

Siku hiyo hiyo alimwendea mwenye duka akaomba arudishiwe mikunjo yake. Mwenye duka alifikiri kwa haki kabisa, kisha akamwambia kwamba mikunjo ilitolewa na krimu ya duka na imo kwenye kioo cha duka, kwa hiyo ni mali ya duka. Kitinda akasema sawa.

Akaenda nyuma kwa mtunza stoo. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mkimya, ambaye kabla ya Kitinda ndiye alikuwa kaunta. Uso wake haukuwa na hata mstari mmoja, ila miaka ilimpeleka stoo hivyo hivyo. Alimsikiliza, akachukua pamba, sahani ndogo na bakuli la maji ya uvuguvugu, na jioni mwenye duka alipotoka kwenda kumtumia mtu mzigo, wakakilaza kioo juu ya kaunta. Mikunjo ilibanduka kwa pamba kama unywele unavyotoka kwenye sabuni. Chini ya mikunjo ya Kitinda palikuwa na tabaka jingine, na chini yake jingine.

"Hiyo inayofuata yako ni yangu," mtunza stoo akasema. "Ya chini ni ya waliokuwa kabla yetu."

Kitinda akamuuliza kwa nini naye asichukue yake, maji bado yana uvuguvugu.

"Nyumbani hakuna anayenigusa uso," mtunza stoo akasema, akaendelea kukamua pamba.

Walihesabu tisa, Kitinda akaibandika kwa haraka, kila mmoja alipokumbuka ulikuwa, akakimbia nyumbani. Mama alikuwa kitandani. Vidole vilianza kwenye paji, vikashuka kati ya nyusi, vikasimama hapo muda mrefu.

"Umechelewa," mama akasema.

Kitinda akamwambia njia ilikuwa mbaya. Mama akameza vidonge viwili kwa mpigo, akanywa chai, akaomba ya pili, na Kitinda akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba siku nne. Ndipo mama alipokipeleka kidole kwenye pembe ya jicho la kulia, akakunja uso.

"Huu si wako. Huu ni wa mtu anayelia peke yake. Wako umeuacha wapi?"

Kitinda akakiri kwamba haraka haraka haina baraka, amechukua wa mwenzake. Mama akaubandua taratibu kwa ukucha, akauweka kwenye kitambaa safi, akasema Jumapili mwenyewe aje auchukue.

Asubuhi mwenye duka alimtazama Kitinda usoni, akamwita "mama", akamwonyesha mlango wa stoo. Kitinda aliingia bila kinyongo, moyo mweupe kabisa, akavua viatu virefu. Kioo kilirudishwa karibu na mlango. Mikunjo iliyobaki humo iliwatosha wateja, na mauzo hayakushuka.

Jumapili mtunza stoo alikuja amevaa gauni la kutokea, akakaa ukingoni mwa kiti. Mama alimpapasa uso wote, taratibu, mara mbili, kama anavyofanya kwa wanawe. Kisha akaufungua kitambaa, akaubandika ule mkunjo kwenye pembe ya jicho kwa kidole gumba, akauliza kama umekaa sawa. Mtunza stoo alisema umekaa. Hakuondoka mpaka jua linazama, na tangu hapo Jumapili hiyo ikawa ni ya kila juma.

Kaunta aliwekwa dada mpya wa miaka ishirini na tisa. Mwenye duka alimpa kopo la bure mapema, kama kinga, na kufikia Jumatatu iliyofuata alikuwa ameshalifikia nusu. Mtunza stoo alisimama mbele yake na katoni ya pamba mkononi, akamuuliza kama nyumbani kuna mtu anayemgusa uso. Dada mpya akasema yupo, mtoto wake wa miaka miwili.

"Basi wewe utakuja nyuma mapema," mtunza stoo akasema, akaenda kumsaidia Kitinda kuchemsha maji.