Pale Mchwa Walipokula

Fidla ilitufikia kabla hatujaliona kanisa. Wimbo ulikuwa wetu, ule wa Zipoli, mtunzi wa kale, tunaoupiga kila sikukuu, lakini ulipofika mahali pa kunyamaza haukunyamaza. Ukapita moja kwa moja.

Babu Eleuterio akasimama katikati ya uwanja.

"Nicanor, umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Ndani ya kanisa tulimkuta Mwalimu Renata, fidla mkononi, mwongozaji wa muziki aliyetoka mjini kutuandaa kwa misa ya kesho. Alikuwa na furaha kama aliyeokota dhahabu.

"Mzee, ile sehemu yenu iliyoliwa na mchwa nimeipata! Kijiji kingine walikuwa nayo. Sasa mtaupiga mzima, kama Zipoli alivyoutunga."

"Kwani sisi tunaupigaje?" nikauliza.

"Mnaupiga ukiwa na tundu, kijana."

Tundu! Mababu zetu Wachiquitano walinakili nyimbo za Zipoli kwa mkono, wakachonga fidla za mwerezi, wakaendelea kupiga hata mapadri waliowafundisha walipofukuzwa. Mchwa walipokula ukurasa, hawakubuni noti za uongo. Walinyamaza, na katika ukimya huo wakawaita kwa majina wapigaji na waimbaji waliokufa. Kesho angeitwa kwa mara ya kwanza bibi yangu, Casilda. Babu alikuwa ameshapiga pasi shati lake.

"Mwalimu," Babu akasema, "sasa mke wangu nimwite wapi?"

"Baada ya misa, mzee. Tutapata nafasi."

"Baada ya misa watu wanakimbilia pombe ya chicha. Casilda mwenyewe angekuwa mbele."

Mimi sikuweza kucheka. "Zipoli hakuwahi kukanyaga Chiquitos, nchi yetu hii! Aliacha kinanda chake Roma, akavuka bahari, kifua kikuu kikamuua huko Córdoba kabla hajatufikia. Nani aliyemfikisha hapa? Sisi!"

"Punguza sauti, jogoo," Babu akanivuta mkono.

Asubuhi kanisa lilifurika. Renata akainua mikono, karatasi zake mbele yake. Wimbo ulipofika pale, nikashusha upinde wa fidla yangu. Babu akashusha wake. Wakafuata wengine, hadi mpiga kinanda. Mikono ya Renata ikabaki hewani. Akatuangalia, akamwangalia Babu na shati lake lililonyooka, kisha akaishusha taratibu na kuzifunga karatasi.

"Domenico Zipoli!" Babu akaita, kwa maana Zipoli ndiye huitwa wa kwanza daima.

"Yupo!" kanisa likajibu.

Majina yakafuatana. La mwisho akaliita kwa nguvu zake zote: "Casilda Poiqui!"

"Yupo!" Madirisha yalitetemeka. Ndipo tukainua pinde na kuendelea, na sijawahi kupiga vile.

Nje, Renata alikuja akifuta macho. "Na noti zangu nizipeleke wapi, mzee?"

"Zipige mjini, mwanangu. Huko mchwa wenu hawajui muziki."

Alipoondoka, Babu akaniegemea begani. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mwakani sijui kama nitaweza kuita."

"Utaita, Babu. Na siku ukishindwa, nitaita mimi, na jina lako nitaliita kwa sauti kubwa kuliko yote. Hakuna mwongozaji atakayelipita. Nakuahidi."