Jumamosi za Mama

Kicheko nilikisikia tangu kwenye kona, kabla sijaufikia mlango. Kilikuwa kicheko cha kuvunjika mbavu, cha mtu anayejifuta machozi na kuomba aachwe kidogo apumue. Nikasimama, mkoba begani. Nikasema moyoni, huyu Redio niliyemwachia nyumba kaniletea wageni, na mama yangu mgonjwa amelala.

Mama wakati huo alikuwa hatoki kitandani bila kubebwa. Miguu ilimwishia nguvu, akili ilibaki yote. Mimi mwenyewe nilikuwa bibi wa watu tayari, magoti yanalia nikiinama, lakini wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza ubavu nilikuwa mimi tu. Miaka ikapita hivyo, mpaka nikawa nasinzia nimesimama, nimeegemea sinki, sahani mkononi. Binti yangu alipiga simu akaisikia sauti yangu, akaniambia njoo kwangu Jumamosi na Jumapili tu, mama, ulale, la sivyo utamtangulia bibi.

Kumpata wa kumwachia mama, hapo ndipo palikuwa na kazi. Kaka yangu alisingizia mgongo. Mkewe alisema atakuja, kisha simu yake ikawa haipatikani. Muuguzi wa zahanati akanielekeza kwa msichana mmoja mpole, msafi. Akaja, akamtazama mama, akauliza choo kiko wapi, akapotelea huko huko. Nikabaki na Redio, msusi wa mtaa wa nyuma, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Nilimwona mtu wa maneno mengi na kazi chache. Lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Nilimfundisha kutwa nzima. Uji uchujwe. Kijiko kisijae. Mto huu kiunoni, ule chini ya visigino. Kikombe asipewe mkononi, ataungua, na mlango ufungwe, upepo si mzuri kwake. Mama alikuwa anatutazama tu. Nilipomuaga akasema, "Nenda, mwanangu, kapumzike," nami nikalia njia nzima, nikijua ananionea huruma.

Kwa binti yangu nilitandikiwa vizuri, shuka zinanukia sabuni. Usingizi haukuja. Sikio langu lilikuwa linangoja kikohozi ambacho hakikuwepo. Jumamosi binti yangu na mumewe walikwenda kazini, nikashinda dirishani natazama ukuta wa jirani. Siku ya pili, mchana, tumekaa mezani, watu wanaongea, nikajikuta nimeivuta sahani ya mkwe wangu na kumpondea viazi vyake. Alivila, maskini, kwa adabu zote, na binti yangu akainamisha uso. Nikaomba nirudi kwangu saa ile ile.

Basi nikausukuma mlango.

Hapakuwa na mgeni. Mama alikuwa amekaa kitini, mlango wa nyuma uko wazi, upepo unampiga, kichwa kimesukwa upande mmoja. Kikombe kilikuwa mkononi mwake mwenyewe na kifua chote kimelowa chai. Redio alikuwa katikati ya chumba anamwigiza jirani mmoja anavyotembea akivaa viatu vipya, na mama anacheka mpaka mabega yanatikisika. Sijui ni lini nilikuwa nimekisikia kicheko kile mara ya mwisho. Ndiyo maana sikukitambua.

Aliponiona kikakatika. Akajifuta kifua haraka haraka, kama mtoto aliyeshikwa jikoni.

"Umerudi mapema," akasema.

Redio akakusanya vitana vyake na, kwa mara ya kwanza, akatoka kimya. Nilimrudisha mama kitandani, nikambadilisha gauni, nikaipanga mito. Nikamuuliza kama alisumbuliwa. Akanishika mkono.

"Usinielewe vibaya, mwanangu. Hakuna anayenitunza kama wewe. Lakini wewe ukiingia humu, mimi nakuwa mgonjwa."

"Na yule?"

"Yule ana fujo. Karibu aniangushe." Akafumba macho. "Nilipumzika."

Nilimwambia nimefurahi. Nikaenda uani kulifua lile gauni, nikalifua muda mrefu kuliko lilivyochafuka.

Jumamosi iliyofuata nilimwita Redio asubuhi, nikamwambia mama kwamba binti yangu ananihitaji tena. Binti yangu hakujua lolote. Nikavaa viatu, nikatembea mpaka zahanati, nikakaa kwenye benchi la nje, maana pale mwanamke mzee akikaa peke yake hakuna anayemshangaa. Jioni nikarudi. Nikafanya hivyo Jumamosi nyingi, mpaka mama alipofariki.

Jumamosi moja kati ya hizo muuguzi alitoka mlangoni, akaniona, akaniuliza, "Bibi, leo umemleta nani?"

"Sijamleta mtu," nikamwambia. "Mgonjwa wangu yuko nyumbani, anapumzika."

Akaitikia kwa kichwa, akamwita anayefuata.