Kambare kwenye Kiti cha Mkurugenzi

Tarishi wa idara ya mabwawa aliachishwa kazi Ijumaa, na Jumatatu asubuhi alikuwa kibarazani kwake akiupota uzi wa viatu maradufu ili usikatike. Barua siku hizi zilikwenda zenyewe kwa kompyuta. Miguu yake haikuhitajika.

Maarifa ya kuvua samaki alipewa na jirani yake, fundi viatu.

"Usidanganywe na maduka, jirani. Samaki hajui bei. Mwanzi ulionyooka, uzi wangu huu, ndoano ya bei ya chini kabisa, na kipande cha ndala kielee juu. Minyoo chimba pale maji ya kuogea yanapotuama."

Mkewe alivitazama vile vifaa akaguna. "Baba watoto, hiyo fimbo ni ya kuvulia au ya kuchungia mbuzi?"

"Ya kuvulia."

"Haya. Sufuria nimeshaisugua."

Bwawa la karibu lilikuwa nyuma ya ofisi ileile iliyomfukuza. Alitupa ndoano, akakaa, mbu wakamla. Alasiri kipande cha ndala kikazama, mwanzi ukapinda, naye akamvuta nchi kavu kambare mweusi mwenye sharubu ndefu na kitambi cha heshima. Akamtia kwenye ndoo.

Kwa kuwa alikuwa palepale, akapitia ofisini kuuliza kama kuna kazi yoyote, hata ya kufagia. Dada wa mapokezi akamwambia angoje. Usingizi ukampitia kwenye benchi. Alipozinduka, ndoo ilikuwa tupu, na michirizi ya maji sakafuni ilielekea moja kwa moja chumba cha mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa safarini, kwenye semina ya kubana matumizi. Kambare alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na watu walishaanza kumpelekea mafaili. Kila alipoulizwa jambo alifungua mdomo, akaufunga. Wao wakaandika.

"Huyu anasikiliza," walisema wakitoka. "Yule mwingine alikuwa anatukatiza."

Tarishi akamsogelea dada wa mapokezi. "Dada, yule ni kitoweo changu."

"Punguza sauti, kaka. Mkubwa yuko kazini."

"Nimemvua mwenyewe, hapo nyuma."

"Kila mkubwa katokea mahali," dada akasema, akaendelea kugonga mihuri.

Nyumbani mkewe alisikiliza kisa chote, mkono shavuni. "Kwa hiyo samaki umemtafutia kazi, na wewe huna."

Watoto walilala na uji. Tarishi hakumwonea kambare kijicho. Kilichomchoma ni kwamba yeye alipita mlango ule miaka nenda miaka rudi, barua mkononi, na hakuna hata siku moja aliyoambiwa akae.

Mwezi haukuisha, mpwa wa kambare akakabidhiwa uhasibu na shangazi yake akapewa ugavi. Walipanda ngazi wenyewe siku ya mvua, wakijikokota kwa mapezi. Wenye shahada wakahamishiwa chumba kisicho na dirisha. Mmoja wao akanong'ona kwamba hii sasa ni nyumba ya kambare, baba sharubu, mama sharubu, mtoto sharubu; akahamishwa tena, safari hii kwenda nje. Mkurugenzi wa zamani aliporudi kutoka semina alipokelewa kwa adabu zote, akaombwa angoje kwenye benchi.

Kisha likabandikwa tangazo: kuvua bwawani ni marufuku, kwa manufaa ya umma. Askari akamnyang'anya tarishi mwanzi wake, akauvunja gotini.

Siku ya pili yake dada wa mapokezi akamwita.

"Kazi ipo."

Akasogea mezani. "Kazi gani, dada?"

"Wakubwa wanakauka ngozi. Kila asubuhi uwajazie mabeseni maji ya bwawani. Ni kibarua lakini. Ajira hakuna."

Akaikubali. Asubuhi yake aliingia chumba cha mkurugenzi, akainama, akaanza kummiminia maji polepole asimrushie machoni. Kambare alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa kwa mafuta. Tumbo la tarishi likanguruma, kwa nguvu, mpaka wenye mafaili wakageuka.

"Samahani, mkubwa," akasema, akaokota ndoo, akaenda kumjazia yule wa uhasibu.