Betri ya Alama Mbili

Jumanne tarehe 21 Oktoba 1997, saa mbili na robo asubuhi, drili ya Teodora Mhoja ilisimama katikati ya tundu la ishirini na tisa. Biti ilibaki imekwama ndani ya mvule. Aliizungusha kwa mkono mpaka ikatoka, akafungua daftari, akaandika: alama mbili, 28. Tundu lisilotoboka hakulihesabu.

Boti ilikuwa juu ya magogo kwenye mwalo wa Igogo, ukingoni mwa ziwa, urefu mita tisa, ubavu mmoja umekwisha na mwingine ungali wazi. Umeme haukufika mwaloni. Mafundi wengine watano walitoboa kwa keekee za mkono. Teodora naye alitoboa hivyo kwa miaka kumi na mmoja, mpaka Aprili mwaka ule, alipouza mmoja wa mitamba wawili wa ng'ombe aliorithi kwa mama yake na kununua drili ya betri katika duka la Abeid, Mabatini. Ilikuja na betri mbili, chaja, na kadi ya waranti ya miezi sita yenye muhuri wa duka na tarehe: 25 Aprili. Alizitia betri alama kwa kisu, moja mkwaruzo mmoja, nyingine miwili. Tangu siku ya kwanza aliandika kila betri ilitoboa matundu mangapi kabla ya kuchajiwa tena. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mchepuo wa sayansi, na hakuamini kumbukumbu, hata yake mwenyewe.

Wiki ya kwanza betri zilitoa matundu 61 na 63. Juni zote zilikuwa kwenye hamsini. Agosti, 37 na 35. Ile ya alama moja ilikufa kabisa katikati ya Septemba. Sasa hii ya pili nayo ilikuwa njiani, na waranti ingekwisha Jumamosi, duka likifungwa saa saba mchana. Baada ya saa hiyo, bei ya mtamba mzima ingekuwa imegeuka kitu cha kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Jumatano alikwenda Mabatini.

"Karibu, dada Teodora," alisema Abeid. "Boti zinasemaje?"

"Zinasema betri zako hazina nguvu."

Abeid alicheka. Alizichukua betri zote mbili, akazigeuzageuza, kisha akaiinua ile ya alama moja. Plastiki yake ilikuwa imepinda upande mmoja.

"Hii mmeianika."

"Hiyo ilianikwa," alisema Teodora. "Tarehe 14 Septemba, juu ya bati, kuanzia saa nne mpaka jioni."

Ilikuwa kweli. Mwanza nzima, betri za redio zikichoka huanikwa juani, zikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari siku mbili zaidi. Jumapili ile Teodora akiwa kanisani, kaka yake Nkwabi, aliyekuja kutoka Pasiansi kumletea maziwa, aliikuta betri mezani, naye alikwisha kumsikia akisema imechoka, akamsaidia.

Abeid aliwageukia wateja wawili waliokuwa wakichagua bawaba. "Mnamsikia? Kakubali mwenyewe. Mtu unamletea mashine ya kisasa kutoka Dubai, yeye anaianika kama dagaa!"

Wateja wakacheka. Teodora alisubiri wamalize.

"Ya alama moja siidai," alisema. "Kadi inakataza moto, na bati la saa nane mchana nalihesabu kuwa moto. Nadai ya alama mbili. Hiyo haijaonja jua."

"Nitajuaje?"

"Tazama plastiki yake. Halafu soma daftari. Zilikuwa zimekwisha kushuka nguvu mwezi mzima kabla ya hiyo Jumapili."

"Daftari umeandika wewe, dada yangu. Hata mimi naweza kuandika kwamba nina meli." Alinyoosha kidole kwenye kibao cha rangi nyekundu juu ya rafu: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. "Zamani mlikuwa mnapanga foleni kupata kilo ya misumari. Leo mnachagua mpaka rangi, na bado mnalalamika."

"Zamani hamkuuza waranti. Mwaka huu mmeiuza, nami nimeinunua. Kibao hicho ni cha kwako peke yako. Kadi hii ina muhuri wako na jina langu."

Kwenye kaunta, mke wa Abeid, Mastura, ambaye ndiye aliyekuwa anajaza kadi zote za duka, alitazama kadi ile kwa muda, kisha akaendelea kupanga bolti.

"Njoo mwakani," alisema Abeid.

"Nitakuja Jumamosi."

Jioni, habari za dukani zikiwa zimemfikia, Nkwabi alifika mwaloni, akakaa kwenye ukingo wa boti. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, na Aprili alikuwa amesema mbele ya shangazi zao wote kwamba hajawahi kuona mtamba akibadilishwa kwa bastola ya kutobolea mbao.

"Kwa nini umemwambia ilianikwa?"

"Kwa sababu ilianikwa, kaka."

"Ungesema hujui! Nani aliniona nikiianika? Hata mimi ningekutetea."

"Ningesema uongo kwenye moja, asingeniamini kwenye nyingine."

"Na sasa amekuamini?"

"Hapana."

"Basi umekosa zote mbili." Nkwabi alitema mate upande wa ziwa, kwenye magugu maji. "Mtamba angekuwa amezaa sasa."

Teodora aliendelea kutoboa kwa keekee. Alipata matundu kumi na tisa kabla giza halijaingia. Kisha alikata kipande cha ubao wa mvule kilichobaki kwenye boti ileile, unene uleule wa milimita ishirini na tano, akakipiga mistari kwa penseli.

Jumamosi tarehe 25 saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Abeid, ubao begani, drili mkononi. Ndani alimkuta Mzee Shimba, fundi vitanda wa mtaa uleule, akiwa ameshika boksi jipya la drili kama ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unaitumia hii? Ni nzuri?"

"Drili ni nzuri. Betri ndiyo swali."

"Dada," alisema Abeid, na safari hii hakucheka, "usiniharibie biashara asubuhi."

"Siharibu. Nataka tupime. Toa betri mpya kwenye boksi lenye gundi yake, uichaji hapa hapa kwa umeme wako. Nitatoboa mbele yako kwenye ubao huu. Ikipita matundu sitini, nachukua betri zangu naondoka, na nitamwambia kila mtu Igogo kwamba kosa lilikuwa langu."

"Duka langu si maabara."

Mzee Shimba aliweka boksi kwenye kaunta. "Mimi ndiye mnunuzi. Fungua hili. Likipita sitini, nalichukua. Lisipopita, nitabaki na keekee yangu, nayo haili umeme."

Abeid alimtazama, akamtazama Teodora, akakata gundi ya boksi kwa wembe.

Chaja ilichukua saa moja. Teodora alikaa nje juu ya mfuko wa saruji. Habari ilikwisha kupita mtaani. Watu kama kumi walisimama barazani, na mshona viatu alihama na kigoda chake. Taa ya chaja ilipogeuka kijani, Teodora aliuweka ubao kwenye miguu miwili ya kiti kilichopinduliwa, akafunga biti ya milimita nane, akaanza. Mastura alitoka kwenye kaunta na kalamu. Akawa anahesabu kwa sauti, na watu wakamfuata.

Betri mpya ilitoa matundu 34.

"Betri mpya lazima ichajiwe mara tatu, nne, ndipo ishike," alisema Abeid.

Teodora alifungua daftari na kumpa Mastura. "Tarehe 26 Aprili. Chaji ya kwanza kabisa."

"Sitini na moja," alisoma Mastura.

"Basi ubao wako umekuwa mgumu zaidi!"

Mshona viatu aliangua kicheko. "Ubao uliokufa unakomaa, Abeid? Basi na kaunta yako itaota majani!"

"Tuupime ubao," alisema Teodora. Alinyoosha mkono kwenye rafu, ilipokaa drili ya maonyesho, ile ambayo Abeid aliitumia kuwatobolea wateja matundu mawili matatu wakafurahi. Betri yake ilikuwa imechubuka, karatasi ya jina imefutika. "Hii ulinionyesha Aprili. Haikutoka kwenye mzigo mmoja na hizi zinazokufa hata zikiwa ndani ya boksi. Imechajiwa?"



"Imechajiwa," alisema Mastura. "Nimeichaji jana."

Ubao ulikuwa uleule na biti ileile. Ilipofika hamsini, watu waliacha kucheka. Sabini, mtu mmoja alikwenda kumwita mwenzake. Betri ya maonyesho ilitoa matundu 86.

Mzee Shimba alivaa kofia yake. "Ukileta mzigo mwingine, niite," alisema, akatoka. Boksi lilibaki wazi kwenye kaunta.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Abeid alishusha sauti. "Sawa, dada. Chukua mpya nyingine kwenye boksi. Hata mbili. Tuyamalize."

"Mbili za 34 sizitaki. Nataka hii." Teodora alikuwa bado ameishika betri iliyochubuka.

"Hiyo ni ya duka! Hiyo ndiyo inayoniuzia!"

"Ndiyo iliyoniuzia na mimi."

"Haina karatasi, haina boksi, ni kuukuu. Kuna mtu anayedai kuukuu akaacha mpya?"

"Kadi inasema ibadilishwe na betri inayofanya kazi. Haikusema mpya."

"Na mimi nikikataa?"

"Nitakaa hapa mpaka saa saba. Jumatatu nitarudi na ubao mrefu zaidi."

Barazani hakuna aliyeondoka. Mastura alirudi nyuma ya kaunta, akavuta droo, akatoa muhuri na kidau cha wino.

"Mama Yassin," Abeid alimwonya mkewe.

"Baba Yassin, kadi hizi najaza mimi. Kila mteja ananiuliza kama ni za kweli, nami nawajibu ni za kweli." Aliandika nyuma ya kadi: betri moja imebadilishwa, 25 Oktoba. Akagonga muhuri. Teodora aliweka betri ya alama mbili kwenye kaunta. Ile ya alama moja, iliyopinda kwa jua, aliirudisha mfukoni.

Abeid aliichukua drili ya maonyesho, sasa tupu, akaitazama, akairudisha kwenye rafu.

Jumatatu tarehe 27 Oktoba, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, kwenye mwalo wa Igogo, biti ilisimama ndani ya tundu la themanini na nane. Teodora aliizungusha kwa mkono mpaka ikatoka, akafungua daftari, akaandika: ya duka, 87.