Kilima cha Kuanikia Nguo

Mke wangu ni dobi, na dobi bila upepo ni mtu mwenye karai tu. Nguo za nusu ya mji alizianika juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, kilima alichoachiwa na marehemu mama yake, yeye na mdogo wake, Kapteni. Upepo wa pale haukuwa na mchezo. Ukichelewa kuanua suruali, unaikuta imeshajikunja, inakusubiri mlangoni. Na ukitazama chini unauona mlango wote wa bahari, mpaka mabaharia wa nchi jirani wakitia sukari kwenye chai. Nimestaafu, sina sababu ya kudanganya.

Siku moja Kapteni akaja na wageni wawili wa Umoja wa Kujihami, zile nchi zilizoapa kulindana. Dada yake akawapa viti. Hawakukaa. Walisimama katikati ya mashuka, wakiikodolea macho bahari kama watu walioona sinia la wali.

"Ukikaa hapa," mmoja akasema, "hakuna meli itakayokupita."

Nikamvuta Kapteni pembeni. "Shemeji, hawa wanataka nini?"

"Kupiga picha tu. Na wewe shemeji kwa maneno!"

"Kamba zangu wasiziguse," mke wangu akasema.

"Dada, nani aziguse na mimi nipo?"

Akamwachia sare yake aifue, kama kawaida. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea.

Mvua ikatufungia ndani wiki nzima. Ilipokatika tukapanda na karai la nguo mbichi, tukakuta seng'enge, mlingoti wa chuma na geti. Geti lenyewe limefungwa kwa kamba za mke wangu. Kapteni yuko ndani, nyota mpya begani.

"Mdogo wangu, nini hiki? Kilima si chetu sote?"

"Nimeshatia saini kwa niaba ya familia. Nchi yetu sasa inategemewa, dada."

"Na mimi nianike wapi?"

Mgeni mmoja akasogea, akauliza huyu ni nani. Kapteni akatazama viatu vyake.

"Raia tu. Anaishi hapo chini." Kisha akapaza sauti: "Mama, rudi nyuma. Hapa hapapitwi."

Mke wangu akageuka kumtafuta huyo mama ni nani. Juu kabisa ya karai ilikuwa sare ya Kapteni.

Siku hizi tunaanika bondeni, ambako upepo hufika ukiwa umechoka, na wateja wamehamia kwingine. Kapteni hutuma watu kuulizia sare yake. Mke wangu huwakaribisha vizuri, huwapa maji, kisha huwajibu:

"Mwambieni bado mbichi."