Mlango Uliozibwa

Jumatatu, tarehe 8 Julai 1968, saa mbili na robo asubuhi, faili la maombi ya chumba cha kisomo lilikuwa na karatasi tatu. Alkhamisi lilikuwa na nne. Iliyokosekana ilikuwa ramani.

Shemsa alizihesabu mara mbili, kisha akamtazama Simai, karani wa kamati ya mtaa.

"Ndugu Simai, ramani yangu iko wapi?"

Simai alikuwa akichonga penseli iliyokwisha chongeka. Alinyanyua kidevu kuelekea dirishani, upande wa nyumba yenye mlango wa kijani, akakishusha.

"Walikuja Jumamosi," alisema chini kwa chini. "Wanamtaka aliyechora. Jumatano, saa nne."

"Wametaja mtu?"

"Karatasi haina jina. Ndiyo maana wanauliza."

Nyumba ya mlango wa kijani haikuwa na kibao. Wanaume wawili walikaa barazani kwake kutwa, na watu wa mtaa huo wa Kiponda, Unguja, wakipita pale waliinamisha macho na kunyamaza mpaka wakunje kona. Ilishikana ukuta na nyumba ambamo Shemsa alisomesha wanawake thelathini na mmoja, orofa ya juu. Masika yalikuwa yamevunja boriti mbili za dari yao, na zilizobaki zilikuwa zimeoza. Kamati ilikuwa na msaada mdogo kwa kazi za namna hiyo: boriti arobaini, chokaa, na saruji mifuko sita. Sharti lilikuwa barua, orodha ya wanafunzi, muhuri wa tawi la chama, na ramani iliyochorwa na mtu anayejua.

Mtaa mzima alikuwapo mmoja. Thuwaini bin Saud alichora ramani za serikali miaka kumi na saba. Tangu Mapinduzi alikuwa akitengeneza saa za ukutani katika chumba cha chini, mlango nusu wazi. Mwaka 1964 kaka yake aliitwa kwa maswali ya dakika tano. Hakurudi.

Shemsa alimwendea mara tatu. Mara mbili alikataa. "Mwanangu, mimi sasa najifunza kutoonekana," alimwambia. Mara ya tatu alichukua futi yake ya kukunja, akaja, akapima, huku Shemsa akiandika tarakimu. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake lisiwemo.

Kutoka kwa karani, Shemsa alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha saa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Alimtazama usoni, akaweka bisibisi chini. "Imepotea nini?"

Alimweleza. Ukutani saa saba zilikuwa zikienda, kila moja kwa mwendo wake.

"Kuna mlango," alisema Thuwaini. "Nyuma ya ubao wako wa kuandikia. Zamani wanawake wa nyumba hizi mbili walitembeleana humo, wasitoke njiani. Futi tatu na inchi mbili. Umezibwa kwa mawe membamba, ukapakwa chokaa."

"Na umeuchora?"

"Kwa nukta nukta."

"Ami! Kwa nini?"

"Boriti haikai juu ya uwazi. Fundi asiyejua ataiweka hapo, na dari itawashukia kinamama." Alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Mchoraji haachi mlango. Sikufikiri nani anakaa upande wa pili. Nilifikiri ukuta."

Shemsa aliujua upande wa pili. Darasa zima liliujua. Alasiri nyingine sauti ilipita ukutani, ya mtu mzima anayelia, na kila ilipokuja Bi Wanu, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, alipaza sauti kusoma silabi, na wengine wakamfuata, ba, be, bi, mpaka isisikike. Hakuna aliyewahi kulizungumza.

"Ntasema nimechora mimi," alisema Shemsa.

"Watakwambia uchore."

"Basi nifunze."

Jumanne, kabla ya darasa, alichora ubaoni mara kumi na mbili na kufuta mara kumi na mbili. Ukuta wa futi thelathini aliupiga inchi thelathini. Hesabu ilikuwa nyepesi, futi moja inchi moja, na ubao ulikuwa mpana. Thuwaini alisimama mbali na dirisha akimsahihisha. Upana futi tisa. Unene wa ukuta futi mbili, si moja na nusu. Zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, saba. Mlango, nukta nukta. Mara ya kumi na mbili hakukosea hata inchi.

Bi Wanu aliingia mapema na kuikuta ya mwisho haijafutwa. Thuwaini alikuwa ameshateremka.

"Mwalimu, leo silabi za nyumba? Au kuna mtu anakujengea na sisi hatujaambiwa?"

"Kaa kitako, Bi Wanu."

"Nnakaa. Lakini chumba cha futi tisa, mwanangu, huyo bwana mkatae."

Wanawake walicheka. Shemsa alifuta. Mkono wake uliacha alama ya jasho kwenye ubao.

Jumatano, saa nne kasoro dakika tano, alipita kati ya wanaume wawili wa barazani. Walimpandisha orofa ya juu. Mtu aliyekuwa mezani alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ramani ilikuwa mbele yake. Mgongo wake ulielekea ukuta wa darasa.

"Ndugu mwalimu. Umechora wewe?"

"Nimechora mimi."

"Hongera." Alimsogezea karatasi ya fulskepu, rula na penseli. "Chora tena."

Shemsa alianza kwa ukuta mrefu, futi moja inchi moja, kama ubaoni. Aliupiga mstari. Alipofika inchi ya kumi na tatu karatasi iliisha.

Alibaki ameshika rula ukingoni. Futi kumi na saba za ukuta hazikuwa na pa kukaa. Karatasi ya ramani ile, mbele ya mtu yule, haikuwa kubwa kuliko hii, na chumba kizima kilikuwamo, na ukingo ukabaki. Thuwaini alikuwa amemfunza kila kipimo isipokuwa namna ya kukipunguza. Kwake lilikuwa jambo kama kuvuta pumzi, hakulitaja.

"Nimekosea," alisema Shemsa. "Nipe nyingine."

"Hapana. Hii inatosha." Aliitazama kwa utulivu. "Nyumba yako haiingii kwenye karatasi, mwalimu."

Aliinuka, akageuka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Hapo ulikuwa mzito.

"Upande wenu mnasikia nini?"

"Tunasoma kwa sauti," alisema Shemsa. "Hatusikii kitu."

"Endeleeni kusoma kwa sauti."

Hakuulizwa jina la mtu. Saa tano kasoro robo alikuwa njiani, na miguu yake ilimpeleka kwenye chumba cha saa. Alisimama mlangoni.

"Ondoka, Ami. Leo. Nenda Jambiani kwa mkwe wako."

"Umesahau kipimo gani?"

"Karatasi ilikuwa ndogo."

Thuwaini alifumba macho. "Ah," alisema. "Kipimo cha ramani." Kisha: "Nikiondoka, watajua. Wakija kukuuliza wewe, utachora nini?"

Hakuondoka.

Ijumaa, tarehe 12 Julai, boriti arobaini, chokaa na mifuko sita ya saruji viliteremshwa mbele ya nyumba ya kisomo. Simai alitia saini ya kupokea. Jumamosi asubuhi Shemsa na Bi Wanu walisikia mafundi wakijenga upande wa pili wa ukuta, mahali pa mlango, jiwe juu ya jiwe. Siku hiyo hiyo, saa sita na dakika ishirini, Simai alimwona Thuwaini akipanda Landrova mbele ya nyumba ya mlango wa kijani, katikati ya wale wanaume wawili wa barazani, futi yake ya kukunja mkononi. Gari ilielekea mtaa wa Malindi, kando ya bandari.