Gunzi Kwenye Paipu

Phelesia alikuwa na macho ya kuona doa. Kila asubuhi alipofagia ua wake pale Uriri, alisimama kwanza mahali gari la mwanawe lilipolala, akainama, akahesabu. Juzi matone manne. Jana saba. Matone meusi yanayonata, tena pale pale anapoanika njugu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu. Miaka mitatu Cephas alibebea samaki kutoka Homa Bay hadi Migori, na kila mlima lilipanda likihema. Ndipo akasikia habari za supachaja, pampu ya hewa inayofungwa ubavuni mwa injini, inazungushwa na mkanda, inaisukumia injini upepo mwingi kuliko ule iliozaliwa nao. Akatafuta moja iliyotumika, na fundi Joash wa Rangwe akakaa siku mbili akiifunga. Tangu siku hiyo gari lilipanda mlima likipiga mluzi, na Phelesia hakupata usingizi wa maana.

"Cephas, hicho kitu kinalia kama mtoto aliyenyimwa titi."

"Hiyo ni sauti ya nguvu, Mama. Ulitaka liende kimya kama la mazishi?"

"Usitaje mazishi na gari pamoja!"

Lynnet, mke wa Cephas, alicheka mpaka mtoto mgongoni akatikisika. Phelesia hakucheka.

"Na haya mafuta kwa ua wangu?"

"Yanatoka kwa paipu ya kupumulia. Joash anatafuta chupa ya kuyakinga. Lakini Mama, tafadhali, usiguse kitu chini ya hiyo boneti. Hata kwa kidole."

Hakugusa. Siku nne nzima hakugusa.

Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Cephas alirudi mchana akiwa hoi, akaacha boneti wazi injini ipoe, akaingia kulala. Phelesia alikuja na ufagio wake. Akazunguka gari mara moja. Akazunguka tena. Akachungulia. Ikamtokea wazi kabisa: paipu nyeusi ya mpira, nene kama kidole gumba, mdomo wake unaning'inia chini kama mdomo wa mlevi, unadondosha. Tone. Kimya. Tone.

Kumwamsha angemwamshaje? Mama haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Na kwa nini amwamshe mtu kwa jambo dogo hivyo? Katika boma lile hakuna mtungi wala jerikani iliyowahi kukosa kifuniko ikaachwa imwage. Mafuta ya taa, maziwa, maji ya kunywa, yote yalizibwa kwa gunzi la mahindi. Unachagua linalokaribia upana wa mdomo, unalizungushia kitambaa, unalisokomeza likizunguka mpaka lisimame imara. Mama yake alifanya hivyo, na yeye amefanya hivyo maisha yake yote. Akachagua gunzi. Akalisokomeza vizuri sana.

Jumatano hapakuwa na tone. Alhamisi hapakuwa na tone.

"Umeona, Mama?" Cephas alisema akipiga bodi ya gari kwa kiganja. "Limejiponya lenyewe."

Phelesia aliinama akaokota njugu moja ambayo haikuwa imeanguka, asionekane anavyotabasamu. Siku mbili hizo gari lilikuwa la kwenda Migori na kurudi tu, halikubeba kitu.

Ijumaa saa moja asubuhi Cephas alipakia magunia kumi na manne ya mahindi ya kupeleka Homa Bay. Lynnet na mtoto wakakaa mbele. Njiani kurudi wangepitia Rangwe kumwona mama yake Lynnet. Mluzi ukaondoka nao. Phelesia aliusikiliza mpaka ukapotea, akaingia ndani, akaona simu ya Cephas bado iko kwa chaji ya sola yake. Kabla hajasema lolote ikaanza kulia. Ni Joash.

"Cephas yuko njiani, Joash. Ni mimi mama yake."

"Sawa, Mama. Mwambie nimepata ile chupa. Na kabla hajapakia mzigo aangalie ile paipu, iwe safi, isizibe. Hiyo supachaja inakunywa mafuta ya injini, na injini ni lazima ipumue. Paipu ikiziba, presha inakosa pa kwenda, mafuta yanashindwa kurudi chini. Yanatoka kwa nguvu kwenye zile pete za mpira, yanarukia mkanda, yanamwagikia bomba la moshi ambalo linawaka moto. Mlimani na mzigo, hapo ni... Mama? Uko?"

Hakuwepo. Simu ilikuwa imebaki mezani, na yeye alikuwa nje akitafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

Akampigia Lynnet kwa simu yake mwenyewe. Hapatikani. Akapiga tena akitembea, tena akikimbia. Pale barabarani alimkuta Gisiri, kijana Mkuria wa kule Ogwedhi, amelalia pikipiki yake.

"Nipeleke Rongo, njia ya Homa Bay, Gisiri. Haraka."

"Yawa, Mama! Haraka ya nini, kuna mtu amekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nakwambia haraka."

Gisiri hakuuliza tena. Pale Awendo walisimama kwenye kituo cha mafuta, na mhudumu akawaonyesha mbele kwa kidevu. "Yule wa mluzi? Amepita sasa hivi tu." Phelesia alimgonga Gisiri mgongoni kama anayegonga mlango.

Walipopita Rongo, aliliona juu ya lami. Tone. Hatua nyingi mbele, jingine. Yale macho yake ya kufagia yalifuata barabara bila kupepesa. Matone yakakaribiana. Yakashikana. Yakawa mstari mmoja mweusi unaong'aa katikati ya njia, unaopanda mlima.

"Hiyo ni mafuta," Gisiri alisema.

"Najua ni nini. Endesha."

Moshi waliuona kabla ya gari. Pikapu lilikuwa limesimama kando ya mtaro, boneti juu. Dereva wa lori aitwaye Omwenga alikuwa akimwaga mchanga kwa sufuria yake ya kupikia, na Cephas akitupia udongo kwa mikono mitupu. Ng'ambo ya barabara Lynnet alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akawa analia. Phelesia aliwahesabu. Mmoja, wawili, watatu. Akahesabu tena.

"Mluzi ulikatika ghafla," Cephas alikuwa akimwambia Omwenga. "Mkanda ulianza kuteleza, nikasimama. Ningeenda kidogo tu..." Alikuwa ameinama ndani ya injini, na aliponyooka alikuwa ameshika kitu mkononi. Gunzi, limelowa, kitambaa chake kimeungua upande mmoja.

Watu waliokusanyika walisogea kulitazama.

"Mokaya," Cephas alisema polepole. Mokaya alikuwa mwenzake wa kubeba samaki, na mpinzani wake. "Jumatano aliegesha kando yangu Migori. Amenitafutia kifo mimi na mtoto wangu. Gisiri, nipe hiyo pikipiki." Na mkono wa pili tayari ulikuwa na spana.

Phelesia angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliteremka, akapita katikati ya watu, akamshika mwanawe kifundo cha mkono wenye spana.

"Kitambaa hicho ni cha leso yangu ya zamani. Kitazame vizuri."

Cephas alikitazama. Maua ya njano, yaliyofifia. Alimtazama mama yake.

"Lilikuwa likivuja," Phelesia alisema. "Nikaziba."

Spana ilianguka. Cephas alikaa chini kando ya mtaro, kichwa mikononi, na mtu mmoja alipotaka kucheka Omwenga alimkanya. Ni Lynnet aliyevuka barabara. Alimweka mtoto mikononi mwa Phelesia.

Joash alilivuta gari hadi Rangwe, akabadilisha pete na mkanda, akafunga ile chupa. Alimwonyesha Phelesia kila kitu kwa kidole: chupa imwagwe kila wiki, paipu ipulizwe, mafuta yasipite alama, na mkanda uwe mkavu siku zote. "Kinachovuja, Mama, uliza kwanza kinatoka wapi. Usikimbilie kuziba."

Siku hizi anafagia vile vile. Akiona kitone kimoja cha mafuta, anaguna, anaendelea. Lakini kuna asubuhi ardhi huwa kavu kabisa, safi, bila doa. Hapo ufagio humtoka mkononi, naye husimama nje ya nyumba ya mwanawe, mbali na mlango kama inavyopasa, akiita mpaka kuku wanaruka:

"Cephas! Gari halijavuja! Amka utazame ni kwa nini!"